Je, ni mawazo yake yanayomnyima mtoto?



Kuna neno linalosikika sana hapa Nabuyoga, kisimani na hata baada ya ibada, pale mama aliyeolewa miaka mingi anapopita bila mtoto mgongoni: "Huyo ana mawazo mengi. Akiacha kuwaza, atashika mimba." Husemwa kwa huruma. Lakini tujiulize: je, ni kweli? Na je, ni haki kumwambia hivyo?

Mwaka 2011 Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ matokeo ya tafiti 14 zilizounganishwa. Zilihusu wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa ili wapate mimba, nao walipimwa huzuni na wasiwasi kabla ya matibabu. Ilionekana kwamba wasiwasi huo haukuhusiana na nani angepata mimba na nani angekosa.

Hatusemi kwamba mateso hayagusi mwili. Sisi tuliokimbia makwetu tunajua kwamba njaa na hofu kali vyaweza kusimamisha hedhi kwa miezi, na hilo ni la kumwona daktari. Lakini mara nyingi chanzo ni kingine: mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi yasiyotibiwa, mayai yasiyopevuka, au mbegu chache za mume. Kumwambia mwenye mirija iliyoziba atulie moyo ni kama kumwambia aliyevunjika mguu aache kulia ili mfupa uunge.

Basi mawazo hayo yanatoka wapi? Kwa wengi ni tunda la shida, si mzizi wake. Mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungishwa nje ya mwili nchini Uganda alizaliwa mwaka 2004. Kenya walifuata mwaka 2006. Tiba ipo, lakini kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Familia inayotegemea mgao itayatoa wapi? Tena kwetu tuliowazika jamaa zetu mbali, mtoto ni jina la marehemu lisilopotea. Nani asiwaze?

Ukimwambia mama huyo kwamba wasiwasi wake ndio unaomnyima mtoto, umemtwika mzigo wa pili: sasa anaogopa hata hofu yake mwenyewe. Mume naye anapata kisingizio cha kutopimwa.

Tumkumbuke Hana, katika 1 Samweli 1. Mumewe alishangaa kwa nini analia ilhali anampenda. Kuhani Eli alidhani amelewa. Wengine watasema: mbona uso wake ulichangamka kabla ya kushika mimba? Ni kweli. Lakini Maandiko hayasemi kwamba utulivu ulimpa Samweli. Yanasema Bwana alimkumbuka. Wala hakuzuiwa kulia kwanza ndipo aombe.

Je, faraja haina kazi? Inayo, na ni kubwa. Wengi huacha matibabu katikati kwa sababu moyo umechoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Novemba 2025 kuhusu ugumba, linataka wanaohangaika wapate pia msaada wa kuwatuliza moyo.

Basi, wapendwa, tuache kuuliza, "Lini?" Baba, nenda kliniki pamoja na mkeo, nawe upimwe. Mama mkwe, uzuie ulimi wako. Na katikati yetu tunaoitana Mama Fulani na Baba Fulani, tumwite dada huyo kwa jina lake kwa heshima ile ile.

Faraja si dawa ya kuleta mimba. Ni haki yake, mtoto aje au asije.