Akufaaye kwa Dhiki Ndiye Rafiki

Methali hii inaweka kipimo kimoja tu cha urafiki, nacho ni shida. Haiulizi watu wamejuana miaka mingapi, ni wa kabila gani, wala wanacheka pamoja kiasi gani. Inauliza ni nani aliyebaki mambo yalipoharibika.

Kwa haraka mtu anaweza kudhani kwamba inamfundisha kutafuta marafiki wenye uwezo wa kumsaidia. Sivyo. Anayemfaa mwenzake wakati wa neema huenda anaweka akiba, maana anajua atalipwa. Mwenye dhiki hana cha kulipa, kwa hiyo anayemsaidia wakati huo hafanyi biashara. Aristotle wa Ugiriki aligawa urafiki katika mafungu matatu: wa manufaa, wa starehe na wa wema. Mawili ya kwanza, alisema, hukatika manufaa au starehe inapokwisha. Dhiki huondoa vyote viwili kwa mpigo, na kinachosalia ndicho methali inachokiita urafiki.

Ushahidi wa jambo hili upo Ujiji. Tarehe 23 Oktoba 1871 mpelelezi David Livingstone aliingia mjini humo akitokea Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mgonjwa na amechoka, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Kati ya waliokuwa naye ni Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Msafara wa Henry Morton Stanley uliokuwa ukimtafuta ulipowasili baada ya siku chache, Susi ndiye aliyekimbia kuupokea, akamwamkia mgeni kwa Kiingereza kabla Livingstone hajatokea. Mnara wa Ujiji unakumbusha kukutana kwa Wazungu wawili. Historia ya urafiki ingemkumbuka kwanza huyo aliyekimbia.

Stanley alirudi kwao. Livingstone, baada ya kungoja wapagazi Unyanyembe, alianza safari tena Agosti 1872, akapita ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kuelekea Ufipa na kusini zaidi. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kipo Zambia. Hapo ndipo methali inapopata mfano wake mkubwa. Susi na wenzake walikuwa watu wa mshahara, na mwajiri wao amekufa. Wangeweza kumzika palepale na kushika njia. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakaubeba hadi pwani ya Bagamoyo, safari iliyozidi kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike huko. Walikataa. Kwa kuwa vijiji vingi viliogopa maiti kupitishwa, waliufunga mzigo upya ufanane na robota la nguo. Walifika pwani Februari 1874.

Malipo yao yalikuwa ujira tu, kisha wakaruhusiwa kuondoka. Maziko yalifanyika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na katika wapagazi wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyehudhuria. Susi na Chuma walialikwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakasaidia kufafanua shajara za marehemu. Uhusiano wao naye haukuwa mnyoofu siku zote. Mwaka 1868 wengi wa watu wake walikataa kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu, kisha wakarudi, naye akawapokea. Methali haidai rafiki asiyewahi kukasirika. Inadai atakayeonekana siku ya shida.

Waswahili wanayo pia methali inayoonekana kuipinga hii: Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hiyo huweka tegemeo kwa ndugu wa damu, na uzoefu wa familia nyingi unaiunga mkono. Lakini Susi hakuwa ndugu wa Livingstone wala wa taifa lake. Kisa chake kinaelemea upande wa methali ya tatu, Undugu ni kufaana, si kufanana.

Funzo hili lina nafasi hata leo. Mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kasulu akiulizwa angependa kusoma chuo kimoja na mtu gani wa historia, huenda akataja mpelelezi au kiongozi mashuhuri. Lakini maisha ya chuo yana dhiki zake: mkopo uliochelewa, malaria wiki ya mitihani, habari za msiba kutoka nyumbani. Umaarufu hauwezi kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Maweni usiku. Anayefaa ni mwenye tabia ya Susi: asiyesubiri kuombwa, na asiyeutua mzigo kwa sababu mwenye mzigo hawezi tena kushukuru. Anayechagua rafiki wa namna hiyo naye hana budi kuwa tayari kupimwa vivyo hivyo, kwa sababu methali inawahusu wote wawili.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi, aliyebatizwa kwa jina la David mwaka 1886, alifariki hukohuko mwaka 1891.