Neno Jema kwa Mgonjwa wa Akili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya An-Nisaa tumekatazwa kumkabidhi mali mtu asiye na akili ya kuiangalia, kisha tukaamrishwa tumlishe, tumvishe, na tuseme naye kwa wema. Basi angalieni: neno jema limewekwa safu moja na chakula na nguo. Chakula hatuwanyimi wagonjwa wetu. Neno jema ndilo tuwanyimalo.

Wazimu aghalabu huanza ujanani. Kijana hujitenga, hakosi kukesha, humshuku mamake, husikia sauti wasizozisikia wenziwe. Nyumbani husemwa: ana jini, au karogwa. Hupungwa, hupigwa ili pepo atoke, na miezi yapita. Nao matabibu wamethibitisha kwamba kadiri maradhi haya yakaavyo bila kutibiwa, ndivyo kupona kuwavyo kuzito. Hatukanushi majini, kwani Qur'ani imewataja. Twakanusha kumfanya jini kisingizio cha kuacha dawa.

Tuwatazame ndugu zetu wa bara, Wagusii wa Kisii na Nyamira. Huko, kama kwetu, ugonjwa wa akili mara nyingi hutafutiwa mchawi; na dhana hiyo ikishaingia nyoyoni haina mpaka. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee 4 waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Wala tusiwacheke, kwani hapa petu Kilifi wazee wangapi wameuawa, na kosa lao ni mvi tu?

Dawa ya hospitali ina kazi yake, nayo isikatizwe ila kwa shauri la tabibu. Lakini peke yake haitoshi. Uchunguzi uliofanywa London katika miaka ya 1950 na 1960 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyerudi kwa jamaa wenye kumkaripia aliugua tena upesi kuliko aliyerudi kwa jamaa watulivu. Nigeria nako, tangu 1954, tabibu Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa wa Aro vijijini pamoja na jamaa zao. Na miaka elfu na zaidi kabla yao, mwanachuoni wetu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili, na maneno ni katika dawa zake.

Kwa Mgusii, kama kwa Mswahili, mgonjwa ni wa ukoo mzima. Kwa hiyo tabibu asimtenge chumbani peke yake. Na aketi na bibi, na mjomba, na ndugu, awasemeshe kwa lugha ya nyumbani, awasikilize kwanza wauelewavyo ugonjwa, kisha awafunze.

Nawe mzazi, usibishane na mwanao juu ya sauti azisikiazo, wala usijifanye wazisikia. Mwambie: "Najua waogopa, nami niko nawe." Msimfunge kamba. Msimkusanyikie kwa makelele. Mwepusheni na bangi na miraa, na mumchungie usingizi wake.

Na sisi masheikh tuna sehemu yetu ya lawama. Tuliletewa kijana, tukamsomea miezi sita. Mwishowe mamake akampeleka hospitali, naye akatuambia kwa adabu: "Masheikh, kisomo chenu ni chema, lakini hapana hata mmoja wenu aliyemuuliza mwanangu neno." Hatukuwa na jawabu. Tangu siku ile twamsomea mgonjwa, twamsikiliza, kisha twamwongoza kwa tabibu siku hiyo hiyo. Kwani Mtume wetu ametufunza kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa ila yana ponyo lake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na azilainishe ndimi zetu kwao. Amin.