Mwaka wa Heshima na Niya ya Mwenye Kuutafuta

Katika mambo yaliyotufikia pamoja na vyuo vikuu vya mtindo wa Kiingereza, tukayapokea kama apokewavyo mgeni wa usiku, bila ya kuulizwa atokako, limo neno moja dogo liandikwalo katika shahada kando ya jina la fani, kwamba mwenye shahada hii ameipata kwa heshima. Neno hili huwafurahisha wazazi, hutajwa katika posa, na hutiwa katika barua za kuomba kazi. Lakini sijamsikia mtu, si katika baraza za mji wala katika darasa za msikitini, akiuliza heshima hiyo ni ya nani, yatoka kwa nani, na yamwendea nani. Nami leo nataka kuliuliza swali hilo, kwa kuwa limenijia mlangoni kwangu hapa Mji wa Kale wa Mombasa, miguu yake imejaa matope.

Desturi zenyewe hutofautiana. Afrika Kusini na Australia, mwanafunzi wa sayansi humaliza miaka mitatu akapewa shahada yake, kisha, akitaka na akiwa na alama za kutosha, huongeza mwaka mmoja mbali, uitwao kwa jina hilo la heshima, akaukalia swali moja chini ya msimamizi mmoja. Kwetu Kenya, ambako mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliifanya shahada kuwa ya miaka minne, mwaka huo umefumwa ndani ya ule wa mwisho: humo ndimo mwanafunzi afanyamo utafiti ambao wenyewe huuita projekti, na baada yake huamuliwa kama atatoka na daraja la kwanza, la pili la juu, au la pili la chini. Maumbo ni mbalimbali, kiini ni kimoja. Kabla ya hapo mwanafunzi huulizwa yale ambayo mwalimu wake ayajua. Sasa aulizwa jambo ambalo hata mwalimu halijui, na jawabu lake halimo katika kitabu chochote cha maktaba.

Binti wa dada yangu alikuwa katika mwaka huo. Swali alilolichukua lilikuwa dogo hata walioambiwa walicheka: je, mashimo ya kaa katika matope ya mikoko ya hori ya Tudor ni mengi zaidi karibu na mfereji wa maji taka kuliko mbali nao? Basi kila bamvua, maji yalipokupwa kama saa nne za asubuhi (na tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu wakati wa bamvua hupita mita 3), alishuka na kamba, penseli na daftari, akapima miraba ya mita moja kwa moja baina ya mizizi ya mikoko na ya michu, akainama kuhesabu tundu moja moja, mpaka maji yakarudi kumfukuza. Maji ya kifuu, walisema wahenga, ni bahari ya chungu. Na ile mita moja ya matope ikawa bahari yake kwa muda wa miezi minane.

Ilipokwisha miezi hiyo alikuja kwangu, akavua viatu mlangoni, akanibusu mkono, akasema: "Mjomba, nimepoteza mwaka. Sikupata kitu."

Nikamuuliza: "Hukupata kitu, mwanangu, au umepata kwamba hapana kitu?"

Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Hesabu za karibu na za mbali zilikuwa zimekaribiana hata haikuwezekana kusema kwa hujja kwamba hizi zimezidi zile. Na mwenziwe mmoja, kwa kumwonea huruma, alikuwa amempa shauri: katika miraba 40 aondoe mitatu tu, adai kwamba maji yaliiharibu, na hapo tofauti itajitokeza nzuri, yenye kuandikika. "Wala hapana atakayejua," alisema, "kwani matope hayo yamekwisha kufunikwa na kufunuliwa mara ngapi? Nani atakwenda kuyahesabu tena?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba jambo hili, lililovaa nguo za sayansi, ni mas'ala ya dini tangu utosini hadi kwenye nyayo.

Wanazuoni wetu waliuogopa ugonjwa wa riya, yaani kutenda jema ili watu waone, kuliko walivyoiogopa njaa. Imepokewa katika Hadithi kwamba miongoni mwa watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama yumo mtu aliyejifunza ilmu na kuifundisha, na kosa lake si kwamba ilmu yake ilikuwa batili, bali ni kwamba aliitafuta ili aitwe mwanachuoni, na kuitwa amekwisha kuitwa. Imamu Ghazali, ambaye katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad alikuwa amekalia kiti ambacho wengi walikitamani, alijihoji nafsi yake mwaka 1095, akaona kwamba kilichomkalisha pale kilikuwa ni jaha na sauti ya jina; ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, hata akaiacha Baghdad na heshima zake. Mtu akiyasoma hayo haraka aweza kudhani kwamba kila mwenye kutafuta daraja la kwanza yumo katika hatari hiyo hiyo, na kwamba mcha Mungu afadhali aridhike na shahada isiyotajwa heshima yoyote.

Dhana hiyo mimi siikubali. Ghazali huyo huyo, katika kitabu chake cha Ihya, amezihesabu ilmu za dunia zisizoweza kukosekana mjini, kama vile tiba na hesabu, kuwa ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima mpaka wapatikane wa kuutimiza, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika fikihi ilhali miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Hakuuliza tu ni ilmu gani. Aliuliza pia ni moyo gani ulioifuata. Na hapa kisiwani kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na lile la al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu wa pwani kuandama maarifa ya zama mpya bila ya kuiacha dini yao. Chuo cha ufundi cha Waislamu kilichopokea wanafunzi wa mwanzo huko Tudor mwaka 1951, ambacho baada ya kubadilika jina mara kadha wa kadha ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilisimama juu ya itikadi hiyo hiyo, kwamba mkono unaoshika tasbihi waweza pia kushika kipimo. Amma kaa na maji taka, ambayo baadhi ya watu huyaona hayana uhusiano na akhera, nawauliza tu: ni nani anayekula samaki wa hori ile, na ni watoto wa nani waogao ndani yake?

Turejee kwenye matope. Ipo taaluma moja ambayo Waislamu waliisimamisha kwa ukali usio na mfano, nayo ni ile ya kuwapima wapokezi wa Hadithi. Walimchunguza mpokezi alikuwa nani, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje. Na mpokezi aliyethibitika kwamba amemzulia Mtume uongo, japo katika habari moja, aliangushwa, wala habari zake nyingine hazikuokolewa na wingi wa sala zake. Hawakufanya hivyo kwa chuki. Walijua kwamba aliye mbali na tukio hana jicho ila jicho la yule aliyehudhuria, na jicho hilo likikhini mara moja, basi njia nzima imekatika. Sasa mtazame msichana peke yake baina ya mizizi, jua la saa nne kichwani, daftari mkononi. Tundu la kaa halina ulimi. Litakalosema duniani litalisema kwa ulimi wake yeye. Kila mraba ni riwaya, na mpokezi wake ni mmoja tu. Miraba ile mitatu akiiondoa pasi na sababu ya haki, hatakuwa amepunguza tarakimu tatu. Atakuwa ameiangusha miraba yote 40, kwani aliyeihesabu ni yeye yule.

Na hapo ndipo riya isipoweza kuingia. Riya yataka mtazamaji, na katika matope yale hapakuwa na mtazamaji. Mtu aweza kusali vizuri kwa ajili ya safu iliyo nyuma yake, aweza kutoa sadaka kwa ajili ya jina lake kusomwa, lakini hesabu ambayo hapana mwanadamu atakayeirudia haiwezi kuhesabiwa kwa uaminifu ila na mtu anayejua kwamba anaonekana na Asiyeonekana. Ndiyo ile daraja ya dini ambayo wanazuoni waliiita ihsani. Mimi naona, na mwenye kuona vingine anisahihishe, kwamba heshima ya kweli ya mwaka ule huanzia hapo: huanza kwa mwanafunzi kuiheshimu haki kabla haijaamuliwa kama yeye ataheshimiwa, na ile iandikwayo kwenye shahada ni kivuli chake tu, ambacho mara humfuata mtu na mara humpotea.

Sitaki kumhadaa kijana kwa kumwambia kwamba ukweli hulipwa daima. Binti huyu alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu daraja hufungua milango ya ufadhili na kuifunga, na asiye na mali hujengewa maisha yake juu ya daraja hilo. Lakini daraja nalo ni kipimo cha siku yake. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, akakosa nafasi Makerere, akaajiriwa katika chuo kile kile cha Tudor. Kisha akahitimu Manchester mwaka 1960, akapata udaktari wa Oxford mwaka 1966, na mwaka 2014 akarejeshwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus. Simtaji ili niseme kwamba kila aliyeanguka atainuka, kwani si hivyo. Namtaja kwa kuwa karatasi ile ya daraja la tatu haikusema uongo. Ilisema tu zaidi ya ilivyokuwa ikijua, na sisi tukiisoma tukaiongezea.

Basi nilimwambia: "Andika yote 40. Ila tazama ulimi wako. Usiseme hapana tofauti. Sema hukuiona tofauti kwa miraba hii, katika miezi hii." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaniambia kwamba msimamizi wake alikuwa amemwambia maneno hayo hayo, na kwamba kando ya kila wastani hulazimika kuandika kiwango cha shaka, yaani tarakimu nyingine ndogo yenye kuonyesha jawabu laweza kupotoka kiasi gani juu au chini. Nikakumbuka Imamu Malik, ambaye imesimuliwa kwamba aliulizwa maswali mengi kwa pamoja, na mengi zaidi akayajibu kwa kusema hajui, bila ya kuona kwamba utukufu wake umepungua.

Aliikabidhi tasnifu yake pamoja na miraba yake yote, na hata siku niandikapo haya matokeo hayajatoka. Jioni aliyonionyesha nakala yake, nilifungua ukurasa wa mwisho nikitazamia, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa na vitabu vingine, kuyaona yale maneno mawili ambayo masheikh wa mji huu, baada ya kuitaja dalili na kuipima, waliyaandika chini ya jawabu lao: Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Hayakuwapo, kwani kanuni za chuo haziyajui. Nikarudi nyuma kwenye majedwali, nikayapitia taratibu. Na kando ya kila hesabu ilikuwapo ile tarakimu ndogo ya shaka.