Kwanza namba, rangi baadaye

Ukikuta lori kuukuu bandani kule Kongwa, kuku wametaga kwenye siti, usikimbilie kopo la rangi. Chukua brashi ya waya, sugua fremu taratibu mpaka namba ya chasisi itokee. Kisha kwangua mlango kidogo: chini ya bluu kuna nyekundu, na chini yake pengine kijani cha jeshi. Kijani hicho kina historia: mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga hukohuko Kongwa kwa mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mvua haba na udongo mgumu viliwashinda. Kila chuma cha enzi zile kinachoishia skrapa kinaniuma. Mwite fundi mzee, mfungue nati moja moja, na kila moja muiwekee alama.