Hajafa, Amelala

Watu wakijua kwamba mimi ni mtu wa gemu, hasa zile za hadithi zinazotoka Japani, huniuliza swali moja tu: "Nianze na ipi?" Zamani nilikuwa najibu palepale, hata mtu hajamaliza kuuliza. Siku hizi napata kigugumizi. Si kwamba nimezisahau. Ni kwamba ya kwanza kabisa niliyompendekezea mtu niliiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, na aliyeumia ni mtoto wa miaka saba. Naomba niyaseme hapa, maana wengi wetu tunaosoma jarida hili tunataka kuwa watunzi, na swali lililonipata linamhusu kila mtunzi: je, msimulizi anayo ruhusa ya kudanganya kwa sababu ya huruma?

Kwanza niwaeleze wasiozijua gemu zenyewe. Ukiingia banda lolote la gemu huku kwetu, kuanzia Ukonga Mombasa hadi Gongo la Mboto, utakuta vijana wanacheza mpira. Banda ni biashara, bwana. Unalipa, unacheza, ukifungwa unampisha mwenzako. Gemu ya hadithi haiwezi kuishi humo. Moja inakula saa arobaini na zaidi, na ukiacha leo ni lazima uhifadhi ulipofikia ili uendelee kesho. Isitoshe, nyingi za zamani hazitaki wepesi wa vidole. Vita vyake ni vya kupokezana zamu: unachagua kupiga, kutibu au kutumia dawa, kisha adui naye anajibu. Kinachobaki ni maneno. Wahusika wanaongea, wewe unasoma. Kwa hiyo anayecheza gemu hizi mtaani ni mtu mwenye mashine nyumbani, mwenye umeme, mwenye muda, na mwenye Kiingereza. Mwaka 2018 mimi nilikuwa na vitatu vya kwanza, na Kiingereza cha kidato cha nne.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza mtihani. Unamaliza Novemba, unasubiri matokeo ya mwezi wa kwanza, na hapo katikati huna cheo chochote: si mwanafunzi, si mfanyakazi. Nilikuwa na PlayStation ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, ile ya kwanza kabisa, pamoja na Final Fantasy VII, sidii tatu za kudurufu. Gemu hiyo ilitolewa na kampuni ya Square mwaka 1997. Hadithi inaanzia kwenye jiji liitwalo Midgar. Wenye nacho wanakaa juu, kwenye sakafu kubwa ya chuma, na wasio nacho wanakaa chini yake, hawaoni jua. Kampuni moja inanyonya uhai wa dunia yenyewe na kuugeuza umeme. Mtu wa Ukonga, ambaye ndege zinapita juu ya bati lake zikienda kutua, haihitaji kamusi kuelewa habari za mji wenye juu na chini. Huko chini kuna msichana anauza maua. Anaitwa Aerith.

Miezi hiyohiyo aliletwa nyumbani kwetu Mazizini mtoto wa shangazi yangu. Nitamwita Dogo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa namwita. Shangazi alikuwa anaumwa, na kabla ya Krismasi akafariki. Wakubwa wakasafiri kwenda kuzika, Dogo akabaki na mimi. Akaambiwa mama bado anatibiwa, akipata nafuu atakuja kumchukua. Sikuwamo kwenye kikao kilichoamua hivyo. Lakini sikupinga pia.

Sasa utamtuliza vipi mtoto kwa siku nzima? Nikamwambia, "Dogo, njoo nikuonyeshe hadithi tamu kuliko zote." Yeye akashika pedi, mimi nikasoma Kiingereza na kumsimulia kwa Kiswahili. Mnaokumbuka vibanda vya video mnamkumbuka Lufufu, aliyekuwa anatafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia chumvi mpaka ukumbi mzima unacheka. Basi nikajifanya Lufufu. Barret, yule jitu lenye bunduki badala ya mkono, nikampa sauti ya konda wa Gongo la Mboto. Cloud, shujaa mwenyewe, akawa anaongea kwa nyodo kama kijana wa Masaki. Nilijiona nina haki hiyo, kwani hata Kiingereza cha gemu ile kilikuwa na makosa chungu nzima. Jina la Aerith lenyewe walikuwa wameliandika Aeris! Dogo alicheka, wallahi, kwa mara ya kwanza tangu aje. Na aliyempenda kuliko wote alikuwa yule muuza maua, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatibu wenzake.

Wanaoijua gemu wanajua kinachokuja. Mwisho wa sidii ya kwanza Aerith amepiga magoti anaomba. Sephiroth anashuka kutoka juu na upanga wake mrefu, anamchoma kwa nyuma. Hakuna hotuba ya kuaga. Cloud anambeba hadi majini, anamwachilia, anazama taratibu.

Dogo akaweka pedi chini. "Kaka, kafa?"

Mimi nilikuwa nimeshaimaliza ile gemu mara moja. Nilijua. Nikasema, "Hajafa. Amelala. Ukitafuta vizuri tutampata mbele."

Ndani ya gemu kuna kitu kinaitwa unyoya wa Finiksi, yule ndege anayeungua na kuzaliwa upya kwenye majivu yake. Mwenzako akianguka vitani unamtumia unyoya, anaamka. Dogo alikuwa ameshautumia mara nyingi. Kwa hiyo baada ya neno langu akaanza kukusanya. Alipigana na majoka na majitu mchana kutwa, akapata fedha, akanunua manyoya. Mwenzake mwingine akianguka vitani hakumwamsha, aliogopa kumaliza akiba. Unyoya ulifika 99, gemu ikagoma kuongeza. Akaniambia, "Kaka, sasa yanatosha?" Nikamwambia yanatosha.

Tukafika sidii ya tatu. Siku moja jioni akageuka, hakuniangalia usoni, akauliza, "Mbona haji?" Kabla sijajibu akaongeza, "Na mama naye amelala?"

Nilitafuta maneno nikakosa. Dogo aliuelewa ukimya wangu haraka kuliko alivyowahi kuelewa tafsiri yangu yoyote. Hakulia pale. Alisema tu, "Ungeniambia, ningeacha kutafuta." Kilio kilikuja usiku, bibi alipomkalisha na kumwambia yote. Mimi nilikuwa nje barazani, nasikia.

Tangu siku hiyo nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa njia tatu, na zote tatu nimeshindwa kesi.

Utetezi wa kwanza: ile ni gemu tu, Aerith hayupo, kumdanganya mtu juu ya asiyekuwepo si uongo. Hapana. Aerith hayupo lakini Dogo yupo. Mchana aliotumia kutafuta manyoya 99 ulikuwa mchana wa kweli, haurudi. Uongo haupimwi kwa ukweli wa unayemsema, unapimwa kwa ukweli wa unayemwambia.

Utetezi wa pili: msimulizi ana uhuru wake, mbona Lufufu alitia chumvi? Ni kweli alitia. Lakini aliyekaa kwenye kile kibanda alijua kwamba anatiliwa chumvi, ndiyo maana alicheka. Halafu picha ilibaki palepale: aliyepigwa risasi alianguka na kila mtu alimwona. Mimi sauti ya konda nilimpa Barret tukacheka wote wawili, hilo halina neno. Neno la "amelala" lilikuwa la namna nyingine. Hilo lilisimama juu ya jambo moja tu, kwamba Dogo hajui Kiingereza. Chumvi mnaila pamoja. Uongo anaula mmoja, tena gizani.

Utetezi wa tatu ndio mzito, nao ni wa bibi: mtoto hatwishwi mzigo wa mtu mzima. Simdharau bibi. Amezika wengi na amelea wengi kuliko mimi nilivyosoma vitabu. Na kweli kuna umri, na kuna saa ya kuambiwa. Lakini nimegundua kwamba kuchelewesha ukweli ni jambo moja, na kupanda uongo mahali pake ni jambo lingine. Ningeweza kusema, "Dogo, tuzime kwanza, nitakueleza kesho." Hapo ningekuwa nimemsubirisha tu. Badala yake nilimpa tumaini, na tumaini lile likamgeuka kazi: likamtuma sokoni, likamtuma vitani, likamfanya awaache walio hai wamelala chini ili kumwekea akiba aliyekufa.

Na tukisema ukweli mpaka mwisho, ile huruma ilikuwa ya nani? Nilijionea huruma mwenyewe. Sikutaka kumwona analia na mimi peke yangu ndani, wakubwa wako msibani. Wengi tunaodanganya kwa huruma, tukijikagua vizuri, tutakuta tunayemlinda ni sisi.

Msomaji mmoja anaweza kuniambia kwamba gemu yenyewe ndiyo iliyoanza. Inakufundisha kwa saa nyingi kwamba unyoya unaamsha walioanguka, halafu siku ya siku unyoya haufanyi kazi. Je, huo si uongo? Nimelifikiria sana hili. Naona gemu haikudanganya. Ilifanya kama dunia inavyofanya. Shangazi alikuwa ameshaenda kutibiwa mara kadhaa na kurudi, na kila aliporudi Dogo alijifunza kwamba dawa inarudisha watu. Dawa hufanya kazi mpaka siku isipofanya. Waliotunga Final Fantasy VII wamewahi kueleza kwamba hawakutaka kifo cha kishujaa cha kwenye sinema. Walitaka kifo cha ghafla, kama vinavyokuja vya kweli, kinachoacha pengo tu. Hironobu Sakaguchi, mwanzilishi wa mfululizo huo, alifiwa na mama yake wakati Final Fantasy III inatengenezwa, na suala la uhai na kifo likamkaa kichwani hadi akalifanya kiini cha hii ya saba. Fikiria basi. Mtu aliyefiwa na mama ametengeneza mahali pa kulilia, mahali hapo pamesafiri kutoka Japani hadi Mazizini, pamefika kwa mtoto aliyefiwa na mama, na mimi mkalimani nimesimama mlangoni nimefunga.

Ndiyo maana nasema swali hili ni letu sisi tunaoandika. Kezilahabi alipotunga Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971, hakumwokoa Rosa. Nilipoisoma nilimlaumu. Sasa simlaumu. Mwandishi anayeamsha wafu wake kwa kuogopa machozi ya msomaji anamfanyia nilichomfanyia Dogo. Sisemi kila hadithi iue. Nasema aliyekufa ndani ya hadithi aachwe awe amekufa, na mwandishi akae na msomaji pale pale mpaka machozi yakauke.

Basi, unaniuliza uanze na ipi. Nitakupa tatu, kwa mpangilio, na zote zinapatikana kwenye simu, huhitaji tena kuzunguka Kariakoo.

Anza na Chrono Trigger ya mwaka 1995. Vijana wanasafiri nyakati mbalimbali kuzuia mwisho wa dunia. Humo mhusika mkuu mwenyewe, yaani wewe, anakufa. Na humo inawezekana kumrudisha, lakini ni lazima wenzake wahangaike, wapande mlima, na ukitaka unaweza kuimaliza hadithi bila kumrudisha kabisa. Inatoa tumaini na haifichi bei yake.

Halafu cheza Dragon Quest V ya mwaka 1992, iliyosubiri zaidi ya miaka kumi na mitano kupata Kiingereza rasmi. Mtoto anaona baba yake anauawa mbele ya macho yake, anakwenda utumwani, anakua, anaoa, anapata watoto. Baba haamki. Maisha yanasonga mbele, na siku moja wanawe ndio wanaokuja kumwokoa yeye. Hiyo inakufundisha kwamba pengo halizibwi na aliyeondoka, huzibwa kidogokidogo na wanaokuja.

Mwisho ndiyo Final Fantasy VII. Usiicheze peke yako kama unaye wa kukaa naye.

Dogo sasa yuko sekondari, na hapendi gemu za hadithi. Yeye ni wa mpira tu, bandani, na ananifunga kila siku. Sijawahi kumlazimisha. Lakini mwaka juzi nilipomwambia naandika riwaya aliniuliza kama kuna mtu anakufa ndani yake. Nikamjibu ndiyo, yupo. Akauliza kama anarudi. Nikamwambia harudi. Akatikisa kichwa, akasema sawa, ukimaliza nipe nisome.