Mtupo Usiotupwa

Katika msimu wa 1961 hadi 1962, Wilt Chamberlain alifunga kwa wastani wa pointi 50.4 kila mchezo, na usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey huko Marekani, akafunga pointi 100 peke yake. Lakini ilipowadia kumtaja mchezaji bora wa ligi ya mpira wa kikapu, na kura zama zile zikipigwa na wachezaji wenyewe, walimteua Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye wastani wake haukufika hata 20.

Msomaji wa daftari atanena kuwa hiyo ni dhuluma. Lakini kufunga ni tendo lenye athari ya dhahiri, mpira umepita wavuni na karani ameandika, ilhali kuzuia, kazi ya Russell, ni kukifanya kitu kisiwe, na kisichokuwa hakina umbo wala alama. Ligi haikuanza kuandika rasmi mitupo iliyozuiwa ila katika msimu wa 1973 hadi 1974, Russell akiwa ameuacha mchezo tangu 1969. Na hata ingaliandikwa mapema, ingaliandikwa ile aliyoigusa tu, si ile ambayo mtu aliighairi kwa kumhofu. Tena, Russell hakuwa akiupiga mpira ukaruke hadi kwa watazamaji, kama wafanyavyo wapenda makofi. Aliudokoa kwa vidole ukabaki uwanjani, mwenzake akaudaka na kutimka nao upande wa pili, na pointi zikaandikwa kwa jina la mwenzake huyo.

Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Hawakuiweka kwa ajili ya michezo, hasha, lakini nadhani hapa pia haikosi mahali.

Itasemwa kwamba kwa hoja hii kila mvivu atajidai kuwa na fadhila zisizoonekana. Pingamizi hii ni nzito, wala haijibiwi kwa kutaja mataji 11 ambayo Russell aliyatwaa katika misimu 13, maana taji ni mali ya timu, na wenzake Bob Cousy na Sam Jones nao wana fungu lao. Jibu lipo katika ile kura. Waliompa walikuwa wengi wao wapinzani wake, watu waliokwisha kusimama mbele yake na mpira mkononi na wakaona heri kuutoa kwa mwingine. Ushahidi wao ulikuwa ikirari dhidi ya nafsi zao, ambayo kadhi mkali huipokea bila ya kutaka shahidi wa pili. Tangu msimu wa 1980 hadi 1981 kura hiyo imehamishiwa kwa waandishi wa habari, watu waangalifu bila shaka, ambao wengi wao hawajapata kusimama chini ya kikapu wakimhofu mtu.