Albert Alifanya Nini?

Likizo ya Julai mpwa wangu alikuja kukaa nami Mbugangari, Rubavu, karibu kabisa na mpaka wa Goma. Begi lake lilikuwa na nguo chache, mpira uliopungua upepo na flashi iliyojaa katuni za Kijapani. Usiku aliichomeka kwenye kompyuta yangu kuukuu, tukaketi mkekani, migongo ukutani. Mara nikasikia sauti nzito ya mwanamume ikisema Kifaransa, ikikumbusha yaliyotokea katika kipindi kilichopita. Nilishtuka. Katuni ya Kijapani, na msimulizi wake anazungumza lugha niliyofundishiwa shuleni!

Mpwa wangu hakielewi Kifaransa. Yeye ni wa kizazi kilichofundishwa kwa Kiingereza, baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Kwa hiyo tuligawana kazi: sauti ya msimulizi naifasiri mimi, maandishi ya chini ya picha anayasoma yeye, na mabishano yote yanakwenda kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu na ya sokoni. Hapa Rwanda filamu iliyowekewa sauti ya mfafanuzi tunaiita agasobanuye, yaani kitu kilichofafanuliwa. Usiku ule agasobanuye yetu ilihitaji watu wawili.

Anime yenyewe inaitwa Gankutsuou. Ilitengenezwa na studio ya Gonzo chini ya mwongozaji Mahiro Maeda, ikarushwa Japani kuanzia Oktoba 2004 hadi Machi 2005, vipindi 24. Ni riwaya ya Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, ila imehamishiwa katika mwaka 5053: watu wanasafiri kati ya nyota, nguo zao zina nakshi ambazo hazitikisiki hata mvaaji anapokwenda, na Bwana wa Monte Cristo ana ngozi ya buluu. Cheo chake, comte, sikukijulia neno la Kiswahili. Mpwa wangu alimwita Bwana Mkubwa, nami nikaona ametafsiri vizuri kuliko wengi.

Riwaya hiyo niliisoma sekondari, nakala iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu. Dumas anaanza tarehe 24 Februari 1815, meli inaingia bandarini Marseille, na juu yake kuna baharia kijana, Edmond Dantès, aliyebakiza siku chache tu amwoe Mercédès. Wivu wa wenzake unamtia katika gereza la kisiwa cha If, anakaa humo miaka 14. Msomaji anaona kila kitu: barua ya uongo ikiandikwa, Fernand, mmoja wa hao wenye wivu, akiipeleka, hakimu Villefort akiuchoma ushahidi. Kwa hiyo Dantès anaporudi akiwa tajiri, kwa jina la Bwana wa Monte Cristo, na kuanza kulipa kisasi, msomaji yuko upande wake tangu zamani. Mimi nilikuwa huko. Nilimchukia Fernand kwa moyo wangu wote wa miaka 16.

Mpwa wangu hakupewa nafasi hiyo. Maeda hakuanzia bandarini. Alianzia Mwezini, kwenye sherehe, ambako kijana mpweke wa tabaka la juu, Albert, anakutana na bwana mgeni mwenye kuvutia, anampenda na kumkaribisha nyumbani kwao Paris. Albert ni mwana wa Fernand na Mercédès. Hajui kitu. Na mtazamaji naye hajui: anamwona Fernand kama baba tu, mtu mwenye heshima zake, anayempenda mke na mtoto wake. Tunampenda kwanza, tunamjua baadaye. Yaliyotokea bandarini yanaletwa kidogo kidogo, na kila linapofunuka moja, Albert ndiye anayeumia.

Kwenye kipindi cha kumi na kitu mpwa wangu alisimamisha picha.

"Mjomba, Albert alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Ni mtoto wa Fernand tu."

"Basi mbona yeye ndiye anayelia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia aendelee.

Swali hilo nilikwisha kulikuta mahali pengine, bila katuni. Nilihudhuria vikao vya gacaca hapa Rubavu, mahakama za wananchi zilizosikiliza kesi karibu milioni 2 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mpaka zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012. Gacaca ni nyasi, mahali watu walipoketi. Siku moja aliletwa mtu amevaa sare ya mahabusu ya rangi ya waridi, na mbali kidogo na duara letu alisimama binti yake, labda wa miaka kumi na miwili, aliyekuja na kidumu cha maji kwa ajili yake. Mashahidi walipoanza kutaja majina ya waliouawa, aliketi, akawa anang'oa nyasi moja moja na kuzisuka pamoja kama nywele. Hakuinua uso. Kikao kilipomalizika kile kisuko kilikuwa na urefu wa mkono wake, na maji yalikuwa bado yamejaa kidumuni. Kila neno lililosemwa pale lilistahili kusemwa, na kwa sauti kubwa zaidi. Wafu walikuwa na haki ya kutajwa. Lakini tangu siku ile najua kwamba ukweli uleule, siku ileile, unaingia katika masikio tofauti ukiwa na maana tofauti, na hakuna sikio hata moja linalodanganywa.

Ndiyo maana nasitasita kusema, kama wanavyosema wengi, kwamba hadithi ni ile ile, kilichobadilika ni pa kuanzia tu. Pa kuanzia si jambo dogo. Katika nchi hii tunawajua watu wanaochagua kuanza hadithi wakiwa wamechelewa makusudi, ili damu isionekane, na mtenda aonekane ametendwa. Mtu akiniambia "anzia katikati", namtazama vizuri kwanza. Niliitazama anime hii hivyohivyo, nikisubiri kuona kama itamponyesha Fernand kwa kutuficha alichotenda.

Haikufanya hivyo. Haydée anasimama. Katika riwaya na katika anime ni yule binti ambaye Fernand alimsaliti baba yake na kumuuza yeye mwenyewe utumwani akiwa mtoto mdogo. Anazungumza mbele ya watu, anataja jina, na jengo zima la heshima ya Fernand linaporomoka. Maeda hakupunguza hata tone. Alichoongeza ni kutufanya tumtazame Albert wakati jengo linaanguka, tukijua alilelewa ndani yake.

Hapo nilimkumbuka Dumas mwenyewe. Baba yake, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa mwaka 1762 huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na mama yake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Mwaka 1799, akirudi kutoka Misri, alikamatwa kusini mwa Italia, akafungwa huko hadi 1801. Alitoka afya yake imeharibika, na alifariki mwaka 1806, mwanawe hajatimiza miaka minne. Mimi siwezi kulisoma gereza la If bila kumwona jenerali huyo. Dumas aliandika kisasi kile akiwa mtoto wa mfungwa. Karne moja na nusu baadaye Maeda akakisimulia akiwa ameketi kwenye kiti cha mtoto wa aliyefungisha. Hapa Rubavu watoto hao wawili wanaketi dawati moja, wakikopeshana rula.

Na Dumas naye alimwona mtoto wa mkosaji. Mbali sana ndani ya riwaya, kisasi kinapomfikia Villefort, mtoto wake mdogo Édouard anakufa kwa sumu, na hapo ndipo Dantès, kwa mara ya kwanza, anatilia shaka haki yake ya kuendelea. Aliyefika hapo amepita zaidi ya kurasa elfu. Nadhani hii ndiyo kazi halisi ya kusimulia upya: kuanza pale ambapo mzee Dumas alifika akiwa amechoka.

Kuna pahali ambapo naona mzee alikosea njia. Riwayani, Albert anakataa jina na mali ya baba yake, nami namheshimu kwa hilo. Halafu anajiandikisha katika spahi, jeshi la Ufaransa la wapanda farasi, na kwenda Afrika. Ni Algeria, ambayo Ufaransa ilianza kuivamia mwaka 1830. Kijana anatoka katika uchafu wa baba yake na kwenda kujisafisha kwenye nchi ya watu wengine, na Dumas, mjukuu wa mtumwa, anaiona hiyo ni njia ya heshima. Nikiwa na miaka 16 sikuliona jambo hili. Sasa linaniuma.

Hadithi hii imesafiri sana kufika mkekani pangu. Dumas aliipata mbegu yake katika kumbukumbu za polisi zilizoandikwa na Jacques Peuchet. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kuroiwa Ruikō aliwapa Wajapani toleo lake, akaliita Mfalme wa Pangoni, na ndilo jina ambalo anime imelirithi. Ni kama samaki wa hapa kwetu: kwenye ziwa letu la Kivu, wavuvi wanatoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba, kwenda kutafuta sambaza. Samaki hao waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo mwambie mama anayewakaanga sokoni kwamba ni wageni uone atakavyokutazama.

Katika anime, Franz, rafiki wa Albert, anajitokeza badala yake kwenye pambano ambalo Albert alikuwa apigane na Bwana wa Monte Cristo, anapigana na kufa. Riwayani hakufa mtu pale: Albert aliomba radhi hadharani. Nilimweleza mpwa wangu tofauti hiyo nikidhani atafurahi. Alikaa kimya, kisha akasema afadhali ya kitabuni, ila ya kwenye katuni ndiyo anayoiamini.

Tulimaliza kipindi cha 24 usiku wa tano, umeme ukikatika na kurudi. Nilidhani atatafuta katuni nyingine. Asubuhi nilimkuta amekaa kizingitini, kompyuta magotini, amerudi nyuma kabisa hadi pale Bwana wa Monte Cristo anapokaribishwa nyumbani kwa akina Albert. Alikuwa ameisimamisha picha. Nilidhani anamtazama yule mgeni mwenye ngozi ya buluu, nikainama niangalie naye. Kidole chake kilikuwa juu ya uso wa Fernand.